Matoke yaliposhukiwa kuua moyo

Wandegeya, nchini Uganda, imekaa bondeni kati ya Makerere, kilima cha chuo, na Mulago, kilima cha hospitali. Wengi huijua kwa kuku wa kuchoma na chapati. Lakini ni hapo jirani, Mulago, mwaka 1948, mwanapatholojia J.N.P. Davies alipoeleza mioyo ya ajabu aliyoikuta katika uchunguzi wa maiti: utando wa ndani umegeuka kovu jeupe, nene, lililoziba ncha ya chumba cha chini hata moyo ukashindwa kutanuka na kupokea damu. Wengi wa wagonjwa walikuwa watoto na vijana, matumbo yamejaa maji.

Miaka ya 1960 shaka ikaangukia matoke, ndizi za kupikwa. Ndizi zina serotonini, kemikali ambayo mwilini hufanya kazi kama homoni, na ilikwisha kujulikana kwamba uvimbe wa karsinoidi, unaoimwaga serotonini kwa wingi, huacha makovu moyoni. Hoja ilikuwa nzuri. Ila karsinoidi huumiza zaidi upande wa kulia, kwa kuwa mapafu huivunja serotonini kabla haijafika kushoto. Ugonjwa wa Mulago haukuchagua upande. Tena mwaka 1965 watafiti Shaper na Coles walipowapanga wagonjwa kwa makabila, wenye asili ya Rwanda ndio waliozidi kuliko idadi yao, si Baganda, walaji wakubwa wa matoke.

Matoke yakaachiwa, lakini swali halikupotea bure. Baadaye maabara zilionyesha kwamba serotonini ikivunjwa ndani ya seli za msuli wa moyo na kimeng'enya cha monoamini oksidezi, hutoka hidrojeni peroksidi. Ikiwa kidogo, seli huimudu. Ikizidi, huharibu mitokondria zinazotengeneza nishati, na seli hufa. Msuli wa moyo huzaa seli mpya kwa nadra mno, basi pengo hujazwa na kovu. Mshukiwa mwingine wa Mulago, eosinofili, seli nyeupe za damu zinazoongezeka mtu akiwa na minyoo, nazo hutema sumu za jamii ya hidrojeni peroksidi.

Chanzo kamili hakijapatikana mpaka leo, na hilo linauma, kwani huu ni ugonjwa wa watoto wa maskini. Uganda ina Taasisi ya Moyo, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1988. Upasuaji wa kubandua kovu upo, lakini ni mgumu, na wengi hufika wakiwa wamechelewa.