Mti wa Waraka: Taarikhi ya Fani Moja ya Perl
Lugha ya Perl, aliyoitunga Larry Wall wa Marekani na kuitoa kwa umma mwaka 1987, ilikusudiwa kwanza kuchambua maandishi na kutoa taarifa. Lakini intaneti ilipoenea katika miaka ya 1990, mafundi wengi waliitwaa kuandikia kurasa za HTML, nao, kwa haraka ya kazi, wakazoea kuchanganya amri za programu na maandishi ya ukurasa, hata mpambaji asiweze kugusa rangi wala jedwali pasina kuhatarisha kazi ya mwenziwe.

Violezo vilivyobuniwa kuwatenga wawili hao vilipunguza madhara, ila havikuyaondoa, maana ndani yake mlibaki alama ngeni, na mara nyingine masharti na vitanzi. Tariki iliyo bora, kwa rai yangu, ni ile iliyojengwa juu ya HTML::TreeBuilder, moduli ya Perl iliyoanzwa na Gisle Aas wa Norwei na kuendelezwa na Sean Burke: ukurasa safi husomwa wote, ukageuzwa mti wenye wazazi na wana, kisha programu ikalitafuta tawi kwa kitambulisho chake, ikabadili yaliyomo, ikakariri safu ya jedwali kwa kadiri ya data, na mwisho ikauandika mti upya kuwa HTML. Kiolezo hubaki waraka halisi, unaofunguka katika kivinjari bila ya msaada, na mpambaji akaupamba apendavyo.

Gharama haikukosekana: kumbukumbu ya kompyuta ilitumika kwa wingi, na kwa kuwa mzazi na mwana walishikana, Perl, ambayo huhesabu marejeo, haikuweza kuwaachilia, hivyo fundi alilazimika kuufuta mti kwa amri mahususi, hadi toleo la 5 la HTML::TreeBuilder lilipoleta marejeo dhaifu.