Mtandao Unaohama: Kutoka Siyu hadi Kitaya

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia huingia wilaya yetu ya Kilolo, Iringa, pale Ruaha Mbuyuni, ikapita katikati ya wauza vitunguu na kupanda Kitonga kuelekea Ilula. Kwa wengi wa huku ugaidi ni habari za pwani. Lakini barabara hiyohiyo ndiyo inayowashusha vijana wetu kwenda kutafuta kazi huko pwani, na mitandao ya ugaidi kwa miaka mingi imeishi kwa kutafuta vijana walio mbali na kwao.

Agosti 7, 1998 mabomu ya al-Qaeda yaliua watu 224 Nairobi na Dar es Salaam. Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro, mmoja wa wapangaji, hakukamatwa. Baadaye alikwenda Siyu, kisiwani Pate, Kenya, akajiita jina jingine, akafundisha madrasa, akaoa mwenyeji. Kijiji kilimpokea kama kinavyompokea mgeni yeyote mwenye adabu. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala, pwani ya Kenya, ikalipuliwa, naye akiwa miongoni mwa waliosuka mpango huo. Aliuawa Mogadishu mwaka 2011.

Kizazi kilichofuata kilitumia sauti. Mahubiri ya Aboud Rogo wa Mombasa yalirekodiwa kwa Kiswahili, na hata baada ya kuuawa Agosti 2012 yaliendelea kusikilizwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Kibiti, mkoani Pwani, mwaka 2017 ndiko funzo lilikouma zaidi. Aprili 13 polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa barabarani. Kabla na baada ya hapo waliuawa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, mmoja baada ya mwingine, wengi usiku, nyumbani kwao. Kwa nini mwenyekiti? Kwa sababu anajua nani kahamia, nani kapotea, nyumba ipi ina wageni wasiosalimiana na jirani. Akiondoka yeye, kijiji kinabaki bila macho. Operesheni ya vyombo vya dola iliwasambaratisha wauaji, na baadhi walivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Oktoba 5 mwaka huohuo Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, ikashambuliwa. Oktoba 2020 wapiganaji walirudi kuvuka mto na kuichoma Kitaya, Mtwara. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, Msumbiji. Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliukomboa mji wa Mocímboa uliokuwa umetekwa na wapiganaji hao, lakini kundi lao lilijigawa vikosi vidogo na kuingia msituni, na bado lipo.

Mwaka 2017 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilitoa utafiti uliowahoji waliojiunga na makundi haya Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Utafiti wa pili, wa 2023, ulikuta robo ya waliojiunga kwa hiari wakitaja ajira kuwa sababu kuu. Kwa hiyo msako wa kukamata ovyo, kijana akapotea bila mama yake kuambiwa alipo, unaua kundi hapa na kulizalia askari kule. Hilo nalisema bila kumung'unya maneno.

Wazazi wa Kilolo, mtoto akipiga simu kwamba kapata kazi nzuri, mwulizeni tajiri wake ni nani, analala wapi, na nani aliyempeleka. Mawasiliano yakikatika, msione haya: nendeni kwa mwenyekiti siku hiyohiyo. Nanyi polisi, mzazi huyo akifika kituoni, mpokeeni kama mzazi aliyepotelewa na mtoto, msimgeuze mtuhumiwa.