Stelingi Akifungwa: Liyongo, Samsoni na Wenzao Wakisomwa Kariakoo

Katika vibanda umiza vya Kariakoo, Ilala na Buguruni kuna kanuni ambayo kila mtoto aliyewahi kulipa kiingilio anaijua: stelingi hafi. Atapigwa, atateswa, atatupwa mtoni, lakini mwisho atainuka. Kanuni hii hupata taabu pale tu stelingi anapotiwa jela. Mtu ambaye ngumi yake inatoboa ukuta hana sababu ya kulala kwenye sakafu ya gereza hata usiku mmoja, na mtazamaji wa benchi la nyuma hachelewi kuuliza, tena kwa sauti: sasa mbona hatoki? Kila jamii iliyomfunga shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida imelazimika kulijibu swali hilo. Majibu yanatofautiana kuliko mashujaa wenyewe.

Nianze na jibu bovu kuliko yote. Mwaka 1991 mwongozaji wa Hong Kong, Lam Nai-choi, alitoa filamu ya Riki-Oh, iliyotokana na katuni ya Kijapani ya Masahiko Takajo na Tetsuya Saruwatari. Kisa chake kinatokea mwaka 2001, wakati magereza yote yamekwisha kubinafsishwa na kuendeshwa kwa faida. Kijana Ricky, aliyeigizwa na Fan Siu-wong, anafungwa kwa kumuua muuza dawa za kulevya aliyesababisha kifo cha mchumba wake. Kifuani ana risasi ambazo hakutaka zitolewe. Ndani ya gereza anapambana na wababe wanne wanaotawala mabweni, na naibu mkuu wa gereza mwenye jicho la kioo, na mwishowe mkuu mwenyewe. Damu inamwagika mpaka inachekesha: mshipa wa mkono ukikatwa, Ricky anaufunga fundo kwa meno na kuendelea na pambano. Kisha, katika dakika za mwisho, anaupiga ukuta wa gereza ngumi na ukuta unaanguka. Wafungwa wote wanaambiwa wako huru.

Ukuta ule ulikuwapo tangu mwanzo, na ngumi ile pia. Filamu haielezi kwa nini havikukutana siku ya kwanza. Nadhani ndiyo maana filamu za namna hii zilihitaji sana watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana mjini kwa jina la Lufufu, na DJ Mark baada yake, waliotia sauti ya Kiswahili kwenye kanda za kigeni. Wale hawakufuata neno kwa neno. Walifafanua, walitania, walimwonya stelingi kuhusu adui aliye nyuma yake, na walieleza nia ambazo mwongozaji hakujishughulisha kuzionyesha. Tundu la hadithi lilizibwa kwa mdomo.

Wamarekani walilikwepa swali kwa ujanja zaidi. Luke Cage, aliyeanza kuonekana kwenye katuni za Marvel mwaka 1972, anaingia gereza la Seagate akiwa mtu wa kawaida, Mmarekani mweusi aliyesingiziwa kosa. Anakubali kufanyiwa jaribio la kitabibu ili apate msamaha. Askari mwenye chuki naye anauchezea mtambo kwa kusudi la kumuua. Badala ya kufa, ngozi yake inakuwa ngumu kama chuma. Hapo anavunja ukuta na kuondoka. Kwa hiyo hapakuwa na siku ambayo alikuwa na nguvu na bado akakaa ndani. Gereza ndilo lililozizaa. Na jambo hilo halikutoka hewani. Kuanzia 1951 hadi 1974 wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao weusi, walifanyiwa majaribio ya ngozi na dawa, na mwaka huohuo wa 1972 Marekani ilipata habari za Tuskegee, ambako wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila matibabu kwa miaka 40 ili madaktari waone ugonjwa unavyokwenda. Waandishi wa Cage waligeuza mambo: mwili uliochukuliwa kuwa wa kujaribia ukatoka na faida.

Samsoni yeye anajulikana kwa msomaji wa Kariakoo, hata asiyekwenda kanisani. Jibu la kitabu cha Waamuzi ni fupi: hatoki kwa sababu nguvu zimekwisha. Delila ameahidiwa na kila mkuu wa Wafilisti vipande 1,100 vya fedha, siri ya nywele imetoka, macho yameng'olewa, na sasa yuko Gaza anasaga nafaka gerezani. Maelezo haya ya kusaga yana ukatili wa kimyakimya unaozidi matumbo yote ya Riki-Oh. Mfungwa mwenye nguvu hauawi, anatiwa kazini. Kinachofuata kinajulikana: nywele zinaota, analetwa hekaluni awachekeshe watu, anazishika nguzo mbili, na waliokufa siku ile wanawazidi aliowaua maisha yake yote.

Nguvu iliyopotea, nguvu iliyozaliwa jela, na nguvu iliyosahaulika mpaka dakika ya mwisho. Fumo Liyongo haingii katika hata mojawapo ya hizo.

Hadithi yake ilikuwa ikisimuliwa pwani muda mrefu kabla Edward Steere hajaichapa kwa nathari mwaka 1870, katika mkusanyo wake wa ngano alizozipata Unguja. Utendi unaosomwa zaidi leo ulitungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Naye alikuwa mshairi, mchonga mbao, mwandishi wa hati nzuri na mwanamuziki, jambo ambalo nitalirudia. Liyongo ni mpiga mishale asiyekosa, mrefu kupita kiasi, na sauti yake peke yake inaangusha watu. Mfalme wa Pate anamwogopa. Anajaribu kwanza kuwatumia watu wa mwituni, wanaopanga kula naye kikoa cha makoma: kila mtu apande mti kwa zamu, na zamu yake ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anayadungua makoma kwa mishale akiwa palepale chini. Ndipo inapoamuliwa akamatwe na kufungwa minyororo.

Hapa utendi unakuwa mkweli kuliko filamu. Liyongo anaweza kulitawanya jeshi lakini hawezi kukata chuma. Nguvu ya mwili ni kitu kimoja na pingu ni kitu kingine, na fundi yeyote wa Gerezani, mtaa ulio jirani na Kariakoo ambako vyuma vinachomelewa mchana kutwa, angekubaliana na Kijumwa. Chuma kinataka tupa.

Tupa inafikaje? Mama yake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa mtumwa, Saada. Walinzi wana tabia ya kukila kile kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo anamwimbia Saada ujumbe wa kumpelekea mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Saada anapoleta mikate, walinzi wanachukua ule wa unga safi, na ule wa wishwa wanamtupia mwenyewe kwa dharau. Nausifu sana utunzi wa tukio hili, kwa sababu hakuna anayeshindwa kwa nguvu wala kwa uchawi. Walinzi wanaangushwa na ulafi wao, tena ulafi wa kila siku, ambao mtu yeyote aliyewahi kumpelekea ndugu yake chakula mahabusu anaweza kuuelewa bila maelezo.

Bado kuna sauti. Tupa inalia juu ya chuma. Mfalme ameuliza mfungwa anatamani nini kabla ya kufa, naye amejibu kwamba anataka gungu lichezwe. Anawafundisha watu nyimbo akiwa ndani, nao wanapiga ngoma na matoazi nje, na chini ya kelele hizo anakata pingu na minyororo. Mji mzima unamsaidia kutoroka bila kujua. Mtunzi aliyekuwa mwanamuziki ndiye angeweza kuliona hilo: ngoma kama kitambaa cha kufunika mlio mwingine.

Kwa mpangilio, Liyongo na Samsoni wanapishana. Samsoni anasalitiwa, kisha anafungwa. Liyongo anafungwa, anatoka, kisha anasalitiwa. Mwanawe wa kuzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme, anamwuliza siri ya kifo chake, na baba anamwambia huku akijua anakoelekea: sindano ya shaba kitovuni. Maana yake gereza halikuwa shimo la chini kabisa katika simulizi ya Waswahili. Wakati Liyongo ana minyororo, watu wake wote wako upande wake. Jikoni kwa mama, njiani kwa Saada, uwanjani kwa wacheza gungu. Anakufa akiwa huru, kwa mkono wa mtu wa nyumba yake aliyenunuliwa. Samsoni anafia mikononi mwa adui. Liyongo hakuweza kuuawa na adui hata mara moja. Mbaya zaidi kwa mji ni kwamba maiti yake inapiga goti kisimani, mshale ukiwa tayari kwenye upinde, na watu wanadhani yu hai. Hawathubutu kuchota maji. Siku zinapita, kiu inawabana, na inabidi mama yake aombwe aende kumbembeleza. Waliomfunga sasa wamefungwa na maiti.

Tanganyika ina kisa chake, na chenyewe hakina mwili wa ajabu hata kidogo. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ambayo wapiganaji waliamini yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wajerumani walimkamata na kumnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita vya Majimaji kuanza. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya 1969, alibadilisha tarehe. Akamweka hai mpaka baada ya shambulio la ngome ya Mahenge, ambalo kwa kweli lilitokea mwishoni mwa Agosti, kisha akamfunga pamoja na mwenzake Kitunda katika onyesho la mwisho. Mhakiki wa historia anaweza kulalamika. Mimi naona Hussein alilihitaji gereza lile. Wajerumani wanataka jambo moja tu kwa mfungwa: akiri kuwa maji ni uongo. Kitunda anamsihi akubali. Anakataa. Swali la kwa nini hatoki halipo tena. Lililopo ni la nini kitasemwa nje baada yake. Luke Cage ana ngozi isiyopenywa na risasi na hana haja ya mtu kumwamini. Kinjeketile ana ngozi kama ya yeyote, na nguvu yote iko katika kuaminiwa. Mfungwa wa namna hiyo hawezi kuokolewa kwa tupa.

Mahali ambapo mtu anasoma hubadilisha anachokiona, na Kariakoo ina historia inayomvuta msomaji upande mmoja. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na eneo la soko likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ambacho ndicho kiliupa mtaa jina. Katika vita vile Waafrika karibu milioni moja walibebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza, na waliokufa, kwa hesabu rasmi tu, wanazidi 90,000; maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Mwaka 1927 sanamu ilisimamishwa katikati ya jiji, pale tunapopaita Askari Monument. Maandishi yake, ambayo Rudyard Kipling alihusika kuyatunga, yanawataja wapagazi. Lakini aliyesimama juu ya jiwe na bunduki ni askari. Mpagazi alipata jina la soko, tena lililopotoka.

Ukitoka na picha hiyo na kurudi kwa mashujaa wetu, macho yanaacha kumtazama stelingi. Katika Waamuzi yuko kijana, hana jina, anayemshika Samsoni mkono na kumwongoza kwenye nguzo. Samsoni anamwomba amwache azipapase. Paa linaanguka, na maandiko hayasemi kama kijana aliwahi kutoka. Ujumbe wa Kinjeketile haukusafiri kwa miguu yake mwenyewe. Ulichukuliwa kijiji hadi kijiji na mahongo, yaani wajumbe wake, na wengi wao vitabu vinawataja kwa jumla tu. Hapa ndipo, kwa shingo upande, ninapoipa Riki-Oh alama yake. Filamu ile ya kipuuzi inaangusha ukuta kwa ajili ya wafungwa wote. Liyongo anapita mlangoni peke yake.

Na Saada? Kijumwa anampa jina, jambo ambalo si dogo katika utendi wa mabwana. Anaimbiwa, anabeba ujumbe kichwani na mkate mkononi, anasimama mbele ya walinzi wakati wanachagua. Baada ya hapo utendi unamwacha. Hakuna anayemwahidi uhuru, hakuna anayeuliza kama mfalme alikuja kutafuta nani aliyeingiza tupa. Wahakiki wengi wamejadili nguvu za Liyongo, kisima, kitovu, mapenzi ya mama, na kama aliishi kweli na lini. Tamthilia mpya ya Liyongo ikiandikwa hapa mjini, ningependa ianzie njiani, kati ya jiko na lango la gereza. Aliyebeba mikate anajua upi una chuma ndani, na hana urefu wa ajabu wala sauti ya kuangusha watu. Walinzi wakigeuza mawazo na kuumega ule wa wishwa, Liyongo ataongezewa minyororo, lakini atakayeuawa palepale langoni ni yeye.