Niko Kibokoni, Mtandao Unasema Niko Nairobi

Zima Wi-Fi, ubaki na bando lako tu, kisha uandike kwenye Google "what is my IP". Utaletewa tovuti kibao, na karibu kila moja itakupa namba na jina la mji. Mimi naishi Mji wa Kale, Kibokoni, hatua chache kutoka Fort Jesus, na zaidi ya mara moja nimeambiwa niko Nairobi. Yaani kilomita mia nne na zaidi kutoka kwenye kitanda nilicholalia! Wenzangu wakiona hivyo hucheka, wanasema simu imechanganyikiwa. Mimi naona kosa hilo lina historia, na historia yenyewe imepita chini ya miguu yetu hapa kisiwani.

Tuanze na anwani yenyewe. Mji wa Kale haujawahi kutegemea namba za nyumba. Ukiuliza kwa fulani ni wapi, mzee aliyekaa barazani atakwambia shika ndia hii, upite Msikiti wa Mandhry, kata kushoto, mlango wa tatu wenye nakshi. Na mtu mwenyewe pia alikuwa na anwani yake. Wazee wa Mombasa wakikutana na mgeni walitaka kujua kwanza ni wa taifa gani kati ya Thenashara Taifa: ni wa Tisa Taifa, mathalan Mmvita au Mjomvu, au ni wa Thalatha Taifa, yaani Mkilindini, Mchangamwe au Mtangana? Baada ya hapo ndipo waulize ukoo, kisha nyumba, kisha jina lako. Kubwa kwanza, dogo mwisho.

Anwani ya IP imejengwa vivyo hivyo. Zile za kawaida ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Mwanzo wake unataja ukoo, yaani mtandao uliotoka, na mwisho wake unataja kifaa ndani ya mtandao huo. Ikianza na 41, 102, 105, 154, 196 au 197, kuna uwezekano mkubwa ni ya Afrika. Bila namba hiyo, video uliyoomba haijui irudi kwa nani. Ndiyo maana kila tovuti unayofungua lazima iione, hata ukiwa umejificha kwenye ukurasa wa siri wa kivinjari. Ule ukurasa hufuta historia kwenye simu yako tu. Hauifichi anwani yako hata kidogo.

Sasa kuna jambo ambalo video nyingi za "jua IP yako" huliruka. Una anwani mbili. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya simu, gusa jina la Wi-Fi uliyounganishwa nayo, na utaona namba kama 192.168.1.7. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua kile kidirisha cheusi cha amri, uandike ipconfig. Hiyo ni anwani ya ndani, na inaweza kuwa sawasawa na ya jirani yako, na ya mtu wa Kisumu, na ya mtu wa Brazil, kwa sababu kundi hilo la namba lilitengwa liwe la matumizi ya ndani tu. Ile ya nje, ambayo dunia inaiona, ndiyo uliyoipata Google.

Kwa sisi tuliosoma Kenya hili si geni. Shule nzima ina S.L.P. moja. Wanafunzi mia nane, sanduku moja la posta mjini. Barua ikifika, kuna mtu wa kuipanga: hii ya fulani wa Form Two, hii ya mwalimu wa hesabu. Ruta ya nyumbani kwenu ndiye mtu huyo. Anayekuandikia kutoka nje anaona sanduku tu, kitanda chako bwenini hakioni.

Haya, turudi Nairobi. Intaneti inaingiaje Kenya? Inaingilia hapa. Na si mara ya kwanza kwa waya wa habari kutokea baharini ukatua Mombasa: mwaka 1890 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ililaza kebo ya telegrafu kutoka Zanzibar hadi kisiwani kwetu. Zanzibar ilikuwa tayari imeungwa na Aden tangu karibu 1879, na kutoka Aden habari zilikwenda hadi London. Kwa hiyo Mombasa iliunganishwa na dunia kwa waya wakati Nairobi bado ni kinamasi ambacho Wamaasai walikuwa wakinyweshea ng'ombe. Sisemi hivyo kwa kejeli (ama labda kidogo).

Kisha mambo yakageuka. Reli ilianzia hapa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika ziwani 1901. Mwaka 1905 makao makuu ya utawala wa Waingereza yakahama kutoka Mombasa kwenda kule juu. Tangu hapo Mombasa ikawa mlango, na sebule ikawa kwingine. Kila kitu kinashukia hapa, kinakwenda kuhesabiwa bara. Mnamo 2019 ilipotolewa amri kwamba makontena yanayokwenda bara yasafirishwe kwa SGR na ushuru wake ushughulikiwe Nairobi, watu wa Mombasa walitoka barabarani wakaandamana, maana walijua hadithi hiyo inavyoishia.

Intaneti nayo ikafuata reli ile ile. Ilipoingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, ilikuja kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Kituko ni kwamba kampuni mbili za intaneti zilizo mji mmoja hazikuwa na njia ya kupeana data hapa hapa nchini. Barua pepe ya mteja wa kampuni hii kwenda kwa mteja wa kampuni ile ilipanda angani, ikatua ng'ambo, ikarudi. Novemba 2000 kampuni hizo zikaungana zikafungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, jijini Nairobi. Hakikumaliza wiki nyingi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya ukiritimba wakati huo, ililalamika, na tume ya mawasiliano ikakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Fikiria, zaidi ya mwaka mzima wa kubishana kama Wakenya wawili wanaruhusiwa kutumiana ujumbe bila kupitia nchi ya watu!

Halafu ukaja mwaka 2009. Tarehe 12 Juni, Rais Mwai Kibaki alikuja Mombasa kuipokea kebo ya TEAMS, iliyotoka Fujairah kule Imarati, takriban kilomita 5,000 chini ya bahari. Sherehe ilifanyika Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 ili wailinde bahari hii hii. Ukiangalia ramani, ile kebo imekuja kwa njia ya majahazi ya kaskazi: kutoka Ghuba, ikiteremka na pwani, mpaka Mombasa. Mwezi uliofuata SEACOM ikawashwa, na mwaka 2010 ikaja EASSy. Nyingine zimefuata baadaye. Kila mara unapoona video inacheza bila kukwama, iwe uko Eldoret au Kampala, kuna uwezekano mkubwa imepita Mombasa kabla ya kukufikia.

Na tunajua zimepita hapa kwa sababu zikikatika nchi nzima huhisi. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri zamu ya kuingia bandarini ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa, ikaikata TEAMS. Nanga moja tu. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika mbali kabisa, upande wa Afrika Kusini, na hata hivyo Kenya nzima ikatambaa.

Kwa hiyo kebo zinatua hapa, lakini kampuni nyingi makao yao ni Nairobi, anwani zao zimeandikishwa Nairobi, na milango ya mitandao ya simu inayokupa IP ya nje mara nyingi iko huko huko. Data yako inaweza kutoka Kibokoni, ikapanda Nairobi kupewa anwani, ikashuka tena Mombasa kutafuta bahari. Ile tovuti inayosema uko Nairobi imesoma daftari la usajili tu. KIXP sasa ina kituo Mombasa pia, na hilo limesaidia kiasi, ila jina linaloandikwa kwenye skrini yangu halijabadilika.

Kuna jambo jingine, ambalo kwangu ni zito zaidi: ile anwani si yako peke yako. Mfumo huu wa namba uliwekwa mwaka 1981, na jumla yake ni anwani 4,294,967,296. Ilionekana kama bahari. Zikagawanywa kwa ukarimu kwa waliokuwepo. Chuo kimoja tu cha Marekani, MIT, kilipewa anwani zaidi ya milioni 16. Afrika ilipata msajili wake, AFRINIC, wenye makao Mauritius, mwaka 2005. Februari 2011 ghala kuu la dunia likaisha, na fungu la mwisho tulilopewa bara zima, lile la 102, lilikuwa na ukubwa ule ule aliopewa MIT peke yake. Na hata hizo chache hazikusalimika: mwaka 2019 ilifichuka kwamba mamilioni ya anwani za Afrika zilikuwa zimehamishwa kinyemela kwenye daftari.

Matokeo yake ni kwamba kampuni za simu huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. S.L.P. ya shule, lakini safari hii shule ni mtaa mzima. Ukitaka kujua kama uko kwenye rundo hilo, angalia IP iliyoandikwa ndani ya simu yako ukiwa kwenye bando. Ikiwa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, uko humo. Dawa yake ipo, IPv6, zile anwani ndefu zenye herufi na nukta pacha, ambazo hazitaisha leo wala kesho. Kama Google ilikuonyesha hizo, laini yako imeshahamia.

Kwa nini nakueleza haya yote? Kwa sababu kila wiki kuna mtu kwenye DM zangu, mara nyingi msichana wa shule, aliyetumiwa namba nne na maneno "najua unakoishi". Dadangu, pumua. Namba hiyo inaweza kuwa ya maelfu ya watu kwa wakati mmoja, na ramani yake ikamwonyesha katikati ya Nairobi. Anayeweza kuiunganisha na laini yako ni kampuni ya simu, kwa kuangalia kumbukumbu za saa na dakika, na polisi wakitaka kumbukumbu hizo wanapaswa kufuata sheria. Wewe piga picha ya ule ujumbe, usiufute. Kumtisha mtu mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. Ripoti, na umwonyeshe mtu mzima unayemwamini.

Upande wa pili, admin wa grupu ukikuta matusi yametoka kwenye IP fulani, usikimbilie kumtaja mtoto wa jirani kwa sababu namba zimefanana na zake. Zimefanana na za mtaa mzima, na zako pia huenda zimo.