Ng'ombe Hazeeki Maini

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Mpenzi msikilizaji, anayetilia shaka kauli hiyo na aende kwenye kiwanja chochote cha mjini Jumapili alfajiri. Atawakuta maveterani wetu wanakimbia, vitambi mbele, pumzi nyuma, na kila mmoja anasimulia jinsi alivyokuwa moto wa kuotea mbali enzi zake.

Katika mazoezi hayo mzee mmoja aliniuliza swali. Alikuwa amesikia kwamba wazee husafiri hadi ng'ambo kushindana, na kwamba kila mtu hukimbia na watu wa umri wake. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nilizaliwa mwaka wa njaa. Huko watanipanga na nani?" Wenzetu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana swali lile lilikuwa zito kuliko walivyodhani.

Tuanze na chanzo cha michezo yenyewe. Mwaka 1966 mwanasheria mmoja wa San Diego, Marekani, aitwaye David Pain, aliwashawishi waandaaji wa riadha mjini humo waweke mbio za maili moja kwa wanaume waliotimiza miaka 40. Mwaka 1968 yakafanyika hapo hapo mashindano kamili ya taifa ya wanariadha wa umri huo. Mwaka 1972 Pain akakusanya kundi la wenzake, wakapanda ndege hadi Ulaya kupimana nguvu na wazee wa huko, katika miji kama London na Helsinki. Hawakutumwa na serikali yao, wala hapakuwa na waziri wa kuwakabidhi bendera. Walikuwa watu wazima wenye kazi na familia, wakisafiri kwa hiari yao kwenda kukimbia.

Safari ile ilifungua njia. Agosti 1975 mji wa Toronto, Canada, ukapokea mashindano ya kwanza ya dunia ya wanariadha maveterani, na zaidi ya watu 1,000 walifika. Mwaka 1977, mjini Gothenburg, Sweden, kikaundwa chama chao cha dunia chini ya uongozi wa Don Farquharson wa Canada. Washindani waligawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano, ili babu wa miaka 70 asilazimike kufukuzana na kijana wa 40. Mtu aliingia kwa jina lake na kwa mfuko wake.

Naam, utaratibu huo ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa na mtihani wake. Tukumbuke miaka ile ilikuwa ya namna gani. Mwaka 1976 zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga kwa Makaburu. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alibaki nyumbani, na medali ya dhahabu ikaenda kwa John Walker wa New Zealand. Mwaka huo huo wa 1976 shirikisho la riadha la dunia likaifukuza Afrika Kusini.

Je, mzee wa Afrika Kusini aliyejilipia nauli naye azuiwe? Suala hilo liliwasumbua maveterani kwa miaka mingi. Inaweza kusemwa kwamba mzee wa miaka 60 hawakilishi serikali yoyote. Anawakilisha magoti yake tu. Lakini nami nauliza: mzee mweusi wa Soweto, aliyenyimwa hata kiwanja cha kufanyia mazoezi, angepata wapi pasipoti na nauli ya kwenda kujiwakilisha? Ndiyo maana mwaka 1997, miaka mitatu baada ya uchaguzi wa wote nchini Afrika Kusini, mashindano hayo yalipofika Durban, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, jambo lile lilikuwa kubwa kuliko medali.

Sasa nirudi kwa mzee wangu na mwaka wake wa njaa. Oktoba 2011, mjini Toronto kule kule, mzee aitwaye Fauja Singh, mzaliwa wa Punjab na mkazi wa Uingereza, alimaliza mbio za marathoni kwa muda wa saa 8 na dakika 11. Pasipoti yake ilionyesha kwamba alizaliwa Aprili 1911. Yaani alikuwa na miaka 100. Ulimwengu ulishangilia, lakini kitabu cha rekodi cha Guinness kilikataa kumwandika, kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kijijini kwao wakati ule nani alikuwa akiandika vyeti? Mzee huyo alifariki dunia Julai 2025 baada ya kugongwa na gari, na rekodi ile hajaandikiwa.

Hapo ndipo penye uchungu, msikilizaji. Michezo hii ilianzishwa ili umri usimfungie mtu mlango. Lakini umri wenyewe huthibitishwa kwa karatasi, na uwanja hufikiwa kwa tiketi ya ndege. Mwenye karatasi na tiketi huitwa bingwa wa dunia wa rika lake. Asiye navyo, hata awe na mapafu ya swala, hubaki bingwa wa mtaa.

Nauli sikuwa nayo ya kumpa mzee wangu. Nilichomwambia ni hiki: twende kwa wakili tukaapishe hati ya kuzaliwa kwako, tuanzie hapo. Alinitazama, akafunga kamba za viatu. "Haya," akasema, "lakini kwanza tumalize mzunguko huu." Akaniacha nyuma.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.