Mgeni na Printa ya Mwenyeji

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni, Machakos mjini. Ofisi ya basari inafungwa saa kumi na moja, na mimi nimekaa kwa ofisi ya watu na laptopu ya kazini mapajani. Fomu ya binamu yangu ishajazwa, imebaki kuchapishwa tu. Mwenyeji akanionyesha printa kwa kona: "Tumia tu, brathe, hiyo ni yetu sote."

Nikaingia kwenye waifai ya wageni. Printa haionekani. Akanipa nenosiri la waifai ya wafanyakazi. Printa ikatokea, na jina lake na namba. Nikaibofya, na laptopu ikaniomba nenosiri la msimamizi. Msimamizi wa laptopu yenyewe yuko Nairobi, na simu hashiki.

Nilicheka, maana mji huu unaijua hadithi hiyo. Machakos ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza huku bara kabla Nairobi haijawa mji. Reli ikapita mbali na hapa, na mwaka wa 1899 John Ainsworth akahamishia ofisi zake Nairobi. Tangu hapo, ukitaka ruhusa unaifuata kule. Ugatuzi wa 2013 ulirudisha mambo kadhaa nyumbani, lakini si nenosiri langu.

Suala la mgeni na mashine ya kuchapa lina umri hata zaidi ya huo. Mwaka wa 1849 Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekaa Rabai, alifika Ukambani na kukutana na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Mwaka uliofuata Injili ya Marko ikatoka kwa Kikamba. Ilichapwa wapi? Tübingen, Ujerumani. Maneno yalikuwa ya huku, mashine ilikuwa ya kwao, na kati yao kulikuwa na bahari na mgeni mmoja aliyebeba karatasi.

Sasa ruka hadi California. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya Xerox PARC, Gary Starkweather alikuwa ametengeneza printa ya leza. Ilikuwa kubwa, ya kasi, na ghali kiasi kwamba hakuna ambaye angewekewa yake mezani. Wenzake nao walikuwa wakiunda kompyuta ndogo za mtu binafsi. Zote zingeifikiaje mashine moja? Tarehe 22 Mei 1973 Bob Metcalfe aliandika waraka wa kupendekeza Ethernet, mtandao ambao hadi leo unapita kwenye nyaya za ofisi zetu. Kumbe moja ya sababu za kuwepo kwa mtandao wa ofisini ni hii hii: watu wengi, printa moja.

Lakini kuunganishwa si kuelewana. Kila printa ina lugha yake, kwa hivyo kompyuta inahitaji mkalimani, yaani draiva. Anayemiliki mkalimani anamiliki mazungumzo. Richard Stallman aliligundua hilo MIT karibu na mwaka wa 1980. Printa mpya ya Xerox ilikuwa ikikwama kila mara, naye alitaka kurekebisha programu yake ili iwaarifu watu karatasi zikikwama. Akanyimwa msimbo. Kisa hicho ni kati ya vilivyomsukuma kutangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983, mzizi mmoja wa programu huria tunazotumia leo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa printa, mgeni anaweza kumletea mwenyeji homa. Katikati ya 2021 iligunduliwa kasoro iliyoitwa PrintNightmare kwenye sehemu ya Windows inayopanga foleni ya kuchapisha: mshambuliaji angeweza kupenyeza draiva bandia na kuitawala kompyuta nzima. Julai Microsoft wakatoa kiraka cha dharura. Agosti wakabadilisha kanuni: asiye msimamizi hawezi tena kusakinisha draiva ya printa ya mtandao hivi hivi. Ukuta niliougonga Machakos ulijengwa siku hizo, na ulijengwa kwa sababu nzuri. Waifai ya wageni nayo haioni printa kwa sababu hiyo hiyo: mgeni anakaribishwa sebuleni, haingizwi chumbani.

Njia nyingine ipo. Tangu Apple walipoleta AirPrint mwaka wa 2010, printa nyingi mpya hujieleza zenyewe: mimi ni fulani, nachapa rangi, karatasi yangu ni A4. Kompyuta ya mgeni inatuma kazi bila mkalimani wa kusakinishwa. Ile ya pale kwa kona ilikuwa ya zamani. Kuna kipindi Google nao walituruhusu kuchapisha kupitia intaneti, lakini huduma yao ya Cloud Print ikafungwa mwisho wa 2020.

Sisi tuna yetu. Saa kumi na nusu nilitoka mbio hadi saiba ya ghorofa ya chini. Dada wa pale hakuniuliza draiva wala nenosiri. "Tuma kwa WhatsApp." Dakika mbili, kurasa nne, shilingi arobaini. Printa yake inapokea kazi ya yeyote mwenye simu.

Ila nilipoinama kuangalia skrini, niliona folda yake. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, PIN za ushuru, barua za kuomba kazi, hati ya kifo ya mtu, zote za wateja waliotangulia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini kwa folda ile ilikuwa haijafika. Kule ofisini nilifungiwa mlango kwa ajili ya usalama wao. Hapa mlango uko wazi, na usalama unaotolewa bei ni wangu na wa binamu.

"Siste, nifutie yangu tafadhali."

Akaifuta, kisha akaifuta hata kwenye pipa la taka, bila kununa. "Hakuna mtu huniulizanga," akasema.

Fomu ilipokelewa saa kumi na dakika hamsini. Faili za wale wengine niliziacha huko.