Mafunzo mafupi ya takwimu kwa watafiti wa taasisi: Kwa nini wavuvi 300 huenda wasiwe 300

DUNGA ni ufuo wa wavuvi ulio kilomita chache kusini mwa kitovu cha jiji la Kisumu, kando ya kinamasi cha mafunjo ambacho wapenzi wa ndege hukijua kutoka mbali. Hapa huteremshwa mbuta, ngege na omena. Akina mama hununua, hukaanga, huanika na kuchuuza. Vijana nao huwatembeza wageni ziwani. Shughuli za uvuvi husimamiwa na kitengo cha ufuo ambacho wavuvi wenyewe hukiita BMU. Vitengo hivi vilipewa kanuni zake nchini Kenya mwaka wa 2007, navyo huendeshwa na kamati zinazochaguliwa na wanachama.

Kwa msomi wa taasisi, yaani anayechunguza jinsi watu wanavyojipanga, kugawana madaraka na kuaminiana katika ofisi, kampuni, ushirika au chama, BMU ni shamba lenye rutuba. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyetunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka wa 2009, alijijengea sifa kwa kuchunguza vikundi vinavyosimamia mali ya pamoja kama vile maji, misitu na samaki. Ndiyo sababu hojaji si kitu kigeni Dunga.

Kugawa hojaji si kazi ngumu. Kazi ni kujua majibu yanaruhusu kusema nini, na hapo ndipo yanapoingia mafunzo mafupi ya mbinu za takwimu. Haya ni masomo ya siku mbili hadi wiki chache, yanayomlenga mtafiti mwenye shahada ambaye pengine hesabu aliziaga kidato cha nne. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianza kutoa mafunzo ya aina hii wakati wa likizo mwaka wa 1963, na kile cha Essex, Uingereza, kikafuata mwaka wa 1968. Mwaka wa 1997 liliundwa nchini Marekani shirika la CARMA, mahsusi kwa watafiti wa taasisi na usimamizi. Katika kanda hii, OSSREA, shirika la watafiti wa sayansi za jamii lililoasisiwa mwaka wa 1980 na lenye makao Addis Ababa, limekuwa likiandaa mafunzo ya mbinu za utafiti.

Kasoro ya mengi ya mafunzo hayo ni kwamba humfundisha mwanafunzi kitufe cha kubonyeza kabla ya kumfundisha swali la kuuliza. Programu ya R hutolewa bila malipo, na kompyuta haikatai kujumlisha chochote. Ripoti zinazofika kwenye meza za uhariri zikitangaza kwamba “utafiti uliohusisha watu 300 umebaini” mara nyingi hazielezi watu hao walipatikana vipi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti anataka kujua iwapo wanachama huiamini zaidi kamati yenye wanawake wengi. Anazuru fuo 20 na kuwahoji watu 15 katika kila ufuo, jumla 300. Tatizo ni kwamba watu 15 wa ufuo mmoja wana mwenyekiti mmoja, bei moja ya samaki na gugumaji lile lile linalowazibia njia. Majibu yao hufanana. Leslie Kish, mtaalamu wa sampuli aliyefundisha Michigan, alionyesha namna ya kupima athari ya mfanano huo: toa moja katika idadi ya waliohojiwa kila ufuo, zidisha kwa kiwango cha mfanano, kisha ongeza moja. Mfanano ukiwa 0.2, tunapata 14 mara 0.2, yaani 2.8, na tukiongeza moja ni 3.8. Gawanya 300 kwa 3.8 na utabaki na watu 79 hivi.

Mtafiti asiyelijua hilo ataripoti shaka ambayo ni karibu nusu tu ya ile halisi, na ataona uhusiano pasipo na chochote. Je, angefanyaje? Angezuru fuo 60 na kuwahoji watu watano katika kila mmoja. Idadi ni ile ile 300, lakini sasa kigawanyo ni 1.8, na watu wenye uzito wa takwimu ni 167 hivi. Isitoshe, kwa kuwa swali linahusu kamati, kamati zenyewe sasa ni 60 badala ya 20. Gharama ni nauli na petroli ya boti, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma.

Hupenda kurudi nyuma hadi Dunga. Ufuo huu unafikika kwa bodaboda kutoka mjini, una wageni na umezoea maswali. Hata hivyo, upande wa Kenya una takriban fuo 300, na nyingi hazina mtalii wala lami. Kinachopatikana Dunga hakiwezi kubebeshwa ziwa zima. Orodha ya kuchagulia sampuli ipo: tangu mwaka wa 2000 Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikifanya sensa ya fuo, mitumbwi na nyavu, chini ya uratibu wa LVFO, shirika la uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja.

Saa nayo ina neno. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Anayefika saa tano asubuhi atawakuta wachuuzi na wenye mitumbwi, huku wavuvi wa kuajiriwa wakiwa wamelala. Na anayefika kati ya Aprili na Julai, miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa, huenda asiwapate kabisa.

Aidha, wapo watafiti wanaomuuliza mwenyekiti kama anaongoza vyema, kisha wamuulize yeye yeye kama kitengo kinafanya vizuri. Majibu hayo mawili yatakubaliana, kwa sababu yametoka kinywa kimoja! Heri uongozi ueleze na wanachama, na ufanisi usomwe katika vitabu vya mizani.

Makosa haya hayaishii maktabani. Matokeo ya utafiti hutumiwa kutetea kufungwa kwa msimu, ukubwa wa matundu ya nyavu na kamati ipi ipewe fedha. Mama anayetegemea beseni la omena ndiye anayepoteza kipato nambari ikikosewa, naye hakualikwa kwenye kongamano.

Anayetaka kulipia mafunzo na aulize kwanza iwapo data zilizo katika matabaka, yaani watu ndani ya vikundi, zitafundishwa, na iwapo ataruhusiwa kuleta data zake mwenyewe. Aulize pia kama somo la sampuli litatangulia lile la programu. La muhimu zaidi ni wakati: ahudhurie kabla ya kuchapisha hojaji, kwa maana hakuna hesabu iwezayo kuzigeuza fuo 20 zikawa 60 baada ya boti kurudi.